Kitenge cha Kuonea Tembo

Mdogo wangu aliukata mparachichi wa mwisho uwanjani kwake kwa sababu majani yalikuwa yanachafua gari. Kisha akamwaga saruji kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma, akapanga vyungu vya maua ya plastiki, na maua hayo akawa anayafuta vumbi kila Jumamosi. Huyo ndiye aliyetuita nyumbani kwake, mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, Jumapili moja baada ya misa, akasimama mbele ya televisheni yake kubwa na kututangazia kwamba familia inapaswa kurudi kwenye asili. Neno hilo alilisema kwa Kifaransa, polepole, kama padri anayewasomea Injili watu wagumu wa kuelewa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, maana makochi yalikuwa yamejaa ndugu za mke wake. Nikasema moyoni: haya, leo tumeshushiwa nabii.

Mimi ndiye dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kukimbia, na nikamlipia shule. Siku hizi anapitisha makaratasi ya malori pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kazi imemnenepesha, sikatai. Mimi ni muuguzi mstaafu, ninaishi na Mama yetu huko Annexe, pembezoni mwa mji, katika nyumba ya matofali iliyozungukwa na mihogo ya watu. Kwetu asili haitafutwi. Inaingia bila hodi: siafu jikoni, nyoka chooni, nyasi za mvua hadi dirishani. Kama kweli walikuwa na njaa ya asili, jembe lilikuwa nyuma ya mlango wangu, na hakuna siku hata moja niliyomwona mmoja wao akiliulizia.

Lakini nilinyamaza, maana safari ile haikuwa wazo lake. Ilikuwa ya Mama.

Mama alizaliwa kaskazini ya Katanga, kwenye stesheni ndogo ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Alfajiri moja, yeye akiwa mtoto wa miaka kama sita, tembo waliingia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Watu wote walisogea madirishani kuchungulia. Yeye mama yake alimfunika kitenge kichwani na kumkumbatia, asije akapiga ukelele. Kwa hiyo alisikia migomba ikivunjika na matumbo yakinguruma, ila hakuona kitu. Hadithi hii ameisimulia maisha yangu yote, na kila mara inaishia hapohapo, chini ya kitenge.

Sasa macho yake yalikuwa yanazimika kwa ugonjwa wa presha ya macho. La kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia, daktari alisema, labda litamshikia mpaka mvua, na labda halitafika hata hapo. Siku tuliyotoka kwa daktari, Mama hakulia. Aliniambia tu kwamba kabla ya giza angependa kumwona tembo mmoja, mmoja tu, basi. Hajawahi kuniomba kitu kingine.

Peke yangu nisingeweza. Nikaenda kwa mdogo wangu, nikamweleza pale getini kwa maneno machache, na yeye akanisikiliza huku anaandika kwenye simu. Juma lililofuata ombi la Mama likawa wazo lake, na wazo lake likawa komite.

Mji wetu huu, hata kuhamisha kuku kunatafutiwa komite. Mdogo wangu akawa prezida. Mke wake akawa sekretere na pia mkuu wa mavazi. Ndugu za mke wakagawiana chakula, sala, picha na muziki. Muziki, jamani, wa kuwachezesha tembo. Mimi nikapewa cheo cha mshauri. Mama, mwenye safari, hakupewa cheo chochote. Aliwekwa kwenye kochi na kushikishwa glasi ya juisi.

Katika mkutano wa kwanza niliinua mkono. Nikasema twende mwezi wa sita, au wa saba kwa kuchelewa sana, wakati nyasi zinakauka, wanyama wanaanza kukusanyika majini, na jicho la Mama bado linakamata. Nilikuwa na jambo la pili kuhusu dawa yake ya matone, ambayo haipendi joto. Sikulifikia. Prezida alitabasamu, akaniita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, weye uko mushauri. Tukikuwa na lazima ya shauri, tutakuuliza."

Wakacheka, na wala si kwa ubaya, ni kwa ile raha ya watu walioshiba. Nikaketi. Nikajiapiza kwamba kinywa changu hakitafunguka tena mpaka niulizwe. Na mimi nikiapa nimeapa. Tabia hiyo niliirithi kwa baba yangu, na sikuwahi kuionea haya mpaka mwaka ule.

Mwezi wa sita ukaliwa na swali la bukari, ugali wetu. Nani atasonga bukari porini, na je, Wazambia wana unga mzuri kama wetu? Mungu anione. Unga tunaokula hapa nusu yake unatoka kwao, na anayeupitisha mpakani ni prezida mwenyewe, lakini walijadili Jumapili mbili nzima. Mwezi wa saba ukaliwa na sala, nani abariki gari na kwa lugha gani. Halafu ndugu mmoja wa mke akasoma kwenye simu kwamba kiboko anaua watu, ikabidi uitishwe mkutano wa kumtuliza. Kila mkutano ulimalizika kwa mishikaki, na picha za mishikaki zikatumwa kwenye kundi la simu zikiwa na miti ya kuchorwa pembeni. Watu hawa walikuwa wameshatalii kabla hawajatoka kwenye kochi.

Huku nyumbani jicho lilikuwa linapungua. Kila asubuhi nilimtia Mama matone, kisha akakaa mlangoni na kuwatazama kuku wa jirani. Ndicho kilikuwa kipimo chetu. Mwezi wa sita alimtambua jogoo akiwa ng'ambo ya barabara. Mwezi wa saba mpaka jogoo avuke. Mwezi wa nane alikuwa kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, anaupata mdomo, anaupoteza, anaupata mkia. Aliniuliza tu komite inasemaje. Nikamwambia bado wanazungumza habari ya nyama. Mtu mwingine angekwenda Golf na kugonga lile geti kwa jiwe. Mimi nilikuwa nimeapa, na nikajiambia mkubwa habembelezi.

Ndipo ikaja habari ya sare.

Kwetu hakuna jambo bila kitenge kimoja. Arusi, kilio, komunyo ya kwanza, ujio wa askofu, wote lazima wafanane. Sina ugomvi na desturi hiyo. Penye kilio kitenge kinaonyesha nani mfiwa na nani amefuata chakula. Lakini kwa tembo unajitambulisha ili iweje? Tembo atauliza huyu ni wa upande wa bwana arusi? Nilicheka kimoyomoyo, nikadhani mchezo umeishia hapo.

Mke wa mdogo wangu aliweka vipande vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa cha rangi ya udongo, chenye majani. Cha pili kilikuwa kijani kilichofifia. Cha tatu kilikuwa buluu kali ya kuumiza jicho, yenye mapete makubwa meusi. Sebule nzima ikakiangukia hicho cha tatu.

Hapa lazima nieleze kazi yangu ilikuwa gani. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kaskazini, kwenye kikosi cha kupambana na ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o. Mbung'o ni inzi mwenye sindano. Anatoboa shati, anatoboa soksi, na palipoumwa pakiwasha utajikuna siku tatu. Ana udhaifu mmoja: anapenda rangi ya buluu. Buluu inamwita kutoka mbali, na kwenye nyeusi ndipo anapotua. Kwa hiyo sisi tulishona vitambaa vya buluu na vyeusi, tukavitia dawa ya kuua, tukavitundika kwenye vijiti kandokando ya mito. Nilishona mitego hiyo kwa mikono hii, magunia na magunia. Na wote mle sebuleni walijua kwamba ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Prezida alivaa viatu vya shule kwa kazi hiyo. Kitenge kilichokuwa mezani kilikuwa mtego wangu mtupu, umekosa dawa tu.

Wifi yangu akanigeukia. Hakuniuliza, alinionyesha.

"Yaya, unaona vile iko muzuri?"

"Iko muzuri sana," nikasema.

Sitajisingizia kwamba nilisahau. Nilisikia utamu, ule wa kweli, kama wa mtu aliyekuta sahani yake imewekwa nyama mbili. Njia nzima ya kurudi Annexe nilikuwa naiona ile sebule yote imesimama porini inajipiga makofi, na sekretere akikimbia huku ameshika wigi. Wataniuliza, nikasema. Siku hiyo wataniuliza, nami nitawajibu kwamba nilikuwa nangoja lazima yao. Kuhusu Mama nilijiambia kwamba nitamvalisha gauni lake la zamani la kahawia. Mimi mwenyewe nikajitengea la kahawia. Wakasema nina kiburi, sitaki kufanana na watu.

Fundi wa cherehani aliuchukua mwezi wa tisa wote, maana huyu alitaka mikono ya kuvimba, yule alitaka mkia wa kuburuza, yote ya kwenda porini. Mimi nikatumwa kufuatilia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa nafahamiana na wauguzi. Kutumwa nilitumwa, kuulizwa sikuulizwa. Tukasafiri mwezi wa kumi, joto limesimama, mvua ikinusa mlangoni.

Asubuhi ya safari nilitoka kuoga nikamkuta Mama ameshavaa. Wifi alikuwa amekuja mapema na furushi lake: gauni, kilemba na kipande kizima cha kujitanda mabegani. Mama alikuwa buluu kuanzia kichwani hadi miguuni, amekaa kitandani anakipapasa kitenge kwa vidole. Katika arusi mbili za upande ule walikuwa wamemsahau kwenye sare, na hakuwahi kulalamika, ila nilijua lilimkaa moyoni.

"Nafanana na bao?" akaniuliza.

Nilifungua kinywa. Mlangoni alikuwa amesimama wifi na simu yake, anapiga picha, amefurahi. Nikaona nikisema sasa nitakuwa nimemnyima Mama sare yake, na mbele ya huyu nitakuwa mimi ndiye mwenye wivu. Nikajidanganya kwamba labda mbung'o watakuwa wachache, labda nitambadilishia kambini. Nikamwambia Mama anafanana nao kabisa.

Kasumbalesa tulipita upesi, hiyo nampa haki yake. Malori yalikuwa yamepanga mstari mpaka macho yachoke, madereva wanapika chai chini ya matela, na prezida akawa anatembea na kitenge chake kama mwenye mpaka, akipiga picha na kila mtu mwenye muhuri. Kesho yake, baada ya kulala njiani, tulifika kwenye mbuga. Mizigo ikatangulia kambini na gari jingine. Sisi tukapandishwa kwenye gari refu lisilo na madirisha, viti vitatu vitatu.

Mwongozaji alikuwa Mzambia mtu mzima anayesema Kibemba, lugha ambayo nusu ya Lubumbashi inaisikia. Alitutazama, watu kumi na mmoja wa buluu na mmoja wa kahawia, akaguna. Akauliza kwa adabu kama tuna nguo nyingine. Prezida akamwambia nguo zimetangulia, kwani kuna nini? Mwongozaji akaeleza habari ya mbung'o na rangi. Prezida akacheka, akasema inzi wa Zambia lazima wawe na elimu sana kujua rangi. Mwongozaji akanitazama mimi na gauni langu la kahawia, kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akawasha gari.

Mbung'o walitupata kwenye miti, hata saa moja haijapita. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha nikaacha kuhesabu. Aliyekuwa na kazi ya sala alikuwa wa kwanza kutukana. Sekretere alijipiga shavu, akajipiga shingo, wigi likaangukia chini ya kiti na hakuliokota. Yule wa muziki alivua shati akaumwa tumboni. Prezida alipanda juu ya kiti, miguu yake ikitetemeka ndani ya suruali ya buluu, anapunga kofia na kumwamuru mwongozaji afanye kitu, kana kwamba yuko Kasumbalesa. Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, nimekaa katikati yao, na hakuna hata inzi mmoja aliyekuja kwangu.

Ndipo mwongozaji akazima gari na kusema kwa sauti ya chini kwamba tembo wako upande wa kushoto, karibu sana, wana mtoto, tafadhali tusipige kelele.

Nilimgeukia Mama, ili nimwelekeze. Alikuwa anajipiga shingoni kimyakimya, pigo dogodogo, kwa aibu, kama mgeni asiyetaka kuharibu sherehe ya watu. Kope ya jicho lake la kulia, lile moja, ilikuwa imevimba na kufumba. Mbung'o wengine walikuwa wametua kwenye mapete meusi kifuani pake, wamejipanga. Sikufikiri. Nilikivuta kile kipande cha mabegani, nikamfunika kichwa chote, nikamkandamiza mapajani mwangu.

"Ni bao?" akauliza kutoka chini ya kitenge.

"Ni bao, Mama."

"Nifunue."

Sikuweza kumfunua, wale wadudu walikuwa wanatambaa juu ya kitambaa wakitafuta mlango. Kushoto kwetu matawi yalikuwa yanavunjika, na kitu kilikuwa kinanguruma chini kabisa, nikausikia mngurumo ule hadi kwenye mbao za kiti. Sekretere akapiga ukelele mkubwa. Matawi yakavunjika kwa haraka, yakaenda yakipungua. Baadaye mwongozaji aliwasha mavi makavu ya tembo ndani ya kopo, moshi ukawafukuza mbung'o, na hapo ndipo nilipomfunua Mama. Kulikuwa na vumbi tu, na hilo vumbi pia yeye hakuliona.

Kambini wenzetu walijifungia kwenye vyumba vyao wakajikuna. Prezida alishaanza kumlaumu mwongozaji, na nilimsikia kupitia ukutani akiahidi kumripoti kwa wakubwa asiowajua. Mimi nilimkalisha Mama kivulini, nikamwosha kope na shingo kwa maji baridi. Aliniacha nimwoshe. Kisha akanishika mkono, akaupapasa kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, akafika shingoni, akafika usoni, taratibu, kama anavyochambua mchele.

"Weye habakukuuma," akasema.

"Hapana, Mama."

"Juu ya nguo."

"Ndiyo. Sababu ya nguo."

Akarudisha mikono yake mapajani. "Ulijuaka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi methali hiyo nilikuwa nimeiweka tayari kwa ajili ya mdogo wangu tangu mwezi wa nane. Sasa haikunifaa, maana mkuu hakusema kitu. Nikatafuta neno jingine, nikapata lile moja tu nililokuwa nimelitunza miezi mitano, nikidhani siku ya kulitoa litakuwa tamu.

"Hakuna mutu aliniuliza," nikasema.

Hakunigombeza. Ningependa sana angenigombeza. Alikaa akisikiliza ndege, uso wake umevimba upande mmoja, na kile kitenge kipya bado kiko mabegani pake, kwa kuwa hakutaka kukivua. Alisema mama yake alimfunika kwa sababu ya kumwogopea, na mimi pia anajua niliogopa, hilo hana neno nalo. Kisha akageuza uso kunielekea.

"Basi unielezee weye. Uko na macho yako mbili mazuri. Batembo balikuwa namna gani?"

Nikafungua kinywa nimweleze. Nikalitafuta sikio, nikautafuta mkonga, nikamtafuta yule mtoto. Nilipata wigi chini ya kiti. Nilipata kofia ya prezida na miguu yake inayotetemeka, nilipata kila kofi na kila tusi, vyote kamili, vimepangwa vizuri. Wakati wote wale wanyama wanapita, hata nilipokuwa nimeshika kichwa cha Mama, macho yangu yalikuwa kulia, kwa mdogo wangu, nisikose hata kidogo cha aibu yake.

Nilimwambia walikuwa wakubwa.

Hilo, Mama akasema, alikuwa analijua tangu kule stesheni.